Mgonjwa wa moyo aandikiwe kiasi cha mionzi aliyopata

Mtu akiruhusiwa kutoka hospitalini baada ya kuzibuliwa mishipa ya moyo, karatasi anayokabidhiwa huwa imejaa mambo. Imeandikwa aspirini ya miligramu ngapi na mara ngapi kwa siku, mshipa upi ulikuwa umeziba, stenti iliyowekwa ina urefu na upana gani, na shinikizo la damu lilikuwaje asubuhi ya kuondoka. Ni nadra karatasi hiyo kutaja kitu kingine kilichoingia mwilini mwake siku ile: mionzi ya eksirei iliyomwongoza daktari hadi kwenye moyo. Wala si kwamba kiasi chake hakijulikani. Mtambo hukipima tangu sekunde ya kwanza hadi ya mwisho na kukionesha kwenye skrini, kisha kazi ikiisha namba hiyo hubaki ndani ya kompyuta bila kusomwa na mtu. Ninachodai hapa ni kwamba namba hiyo, ikisomwa chumbani wakati kazi inaendelea, ikaandikwa kwenye faili la mgonjwa na kuhojiwa kila mwisho wa mwezi, itapunguza mionzi katika tiba ya moyo kuliko mtambo mpya wa mabilioni unaoendeshwa kwa mazoea ya zamani.

Tiba yenyewe haina ubishi. Daktari hupitisha mrija mwembamba uitwao katheta kwenye mshipa wa mkono au wa paja, akausogeza hadi kwenye moyo huku akiitazama njia yake kwa picha za eksirei zinazotembea. Tangu Andreas Grüntzig alipopanua mshipa wa moyo kwa puto mjini Zurich mwaka 1977, wagonjwa wasiohesabika wametibiwa bila kupasuliwa kifua. Kwa Watanzania wengi, matibabu ya aina hii kwa miaka mingi yalimaanisha safari ya India, kwa mwenye uwezo au aliyebahatika kupewa rufaa ya serikali. Taasisi ya Moyo Jakaya Kikwete, iliyoanza kujitegemea mwaka 2015 jijini Dar es Salaam, imeyafanya kuwa huduma ya kila siku. Nairobi ina hospitali kadhaa zenye mitambo hiyo, na Kampala ina Taasisi ya Moyo ya Uganda pale Mulago. Magazeti yamezoea kuiita huduma hiyo upasuaji wa tundu dogo, na wahudumu hukiita chumba chake kathlabu. Humo ndani, mbali na kuzibua mishipa, watoto huzibwa matundu ya moyo waliyozaliwa nayo, vijana hupanuliwa valvu zilizoharibiwa na homa ya baridi yabisi, na wazee huwekewa betri ya moyo. Kadiri huduma inavyopanuka, ndivyo wanavyoongezeka wanaopata mionzi, na ndivyo wauguzi na madaktari wanavyozidi kukaa karibu nayo mwaka baada ya mwaka.

Ni mionzi kiasi gani? Kila binadamu hupata mionzi ya asili kutoka ardhini, angani na hata kwenye chakula, kwa wastani wa milisiveti 2.4 kwa mwaka. Picha moja ya kawaida ya kifua huongeza takriban milisiveti 0.02, kiasi kidogo mno. Uchunguzi wa mishipa ya moyo kwa katheta hufikia wastani wa milisiveti 7, na kazi ya kuzibua na kuweka stenti hufikia 15, sawa na mionzi ya asili ya miaka sita hivi. Lakini hizo ni wastani tu, na wastani huficha mengi. Mgonjwa mnene huhitaji mionzi mingi zaidi ili picha ionekane, na mshipa ulioziba kabisa kwa muda mrefu unaweza kumshughulisha daktari kwa saa kadhaa, hivyo wapo wanaopata mara tatu ya kiwango hicho. Tofauti za aina hiyo hazikwepeki. Ipo nyingine inayokwepeka: madaktari wawili wenye ujuzi sawa, kwa wagonjwa wanaofanana na kwa mtambo huohuo, wanaweza kutumia viwango vilivyoachana sana, kwa sababu tu mmoja ana tabia ya kuachia pedali na mwingine hana. Tofauti hii ya pili ndiyo inayotuhusu, na bila kumbukumbu haionekani hata na mwenye kuisababisha.

Madhara ya mionzi yako ya aina mbili, na kuyachanganya ndiko kunakozaa hofu isiyo na msingi upande mmoja na uzembe upande wa pili. Aina ya kwanza ni saratani, ambayo huja kwa bahati mbaya: mionzi huongeza uwezekano wake kidogo, na madhara huweza kuchukua miaka mingi kujitokeza. Aina ya pili haina bahati ndani yake. Ngozi ikipokea grei 2 hivi (grei ni kipimo cha mionzi inayofyonzwa na mwili) kwa mara moja yaweza kuwa nyekundu kwa muda. Kiasi kikipanda, nywele hunyonyoka, na kikipita grei 15 ngozi yaweza kuoza na kuacha kidonda kirefu mgongoni kinachohitaji kupandikizwa ngozi nyingine. Mnamo Septemba 1994 Mamlaka ya Chakula na Dawa ya Marekani ilitoa tahadhari kwa hospitali baada ya kupokea taarifa za wagonjwa waliojeruhiwa hivyo katika kazi zinazoongozwa na eksirei. Kilichozidisha madhila yao ni kuchelewa. Kidonda cha mionzi huweza kujitokeza wiki kadhaa baadaye, mgonjwa akiwa keshasahau kabisa habari ya katheta. Huenda kwa daktari wa ngozi na alama yenye pembe nne mgongoni, chini kidogo ya bega, naye asiyejua historia humtibu kama aliyeungua kwa kemikali au aliyepata mzio. Wako waliokatwa kipande cha ngozi kwa ajili ya vipimo, jambo linaloweza kulifanya jeraha la mionzi ligome kupona. Mstari mmoja tu kwenye karatasi ya kuruhusiwa ungewaepusha na yote hayo.

Kwa wafanyakazi hesabu ni tofauti. Wao hawapigwi na mwali wenyewe, bali na mionzi inayotawanyika kutoka kwenye mwili wa mgonjwa. Mgonjwa aliyelala mezani ndiye huwa chanzo cha mionzi kwa wote waliosimama kumzunguka, na aliye karibu zaidi ni daktari, ambaye kwa kawaida husimama upande wa kulia wa mgonjwa, ubavu wake mwenyewe wa kushoto ukiwa jirani na kifua cha mgonjwa. Aproni ya madini ya risasi yenye unene wa nusu milimita huzuia sehemu kubwa mno ya mionzi hiyo isifike kiwiliwili, lakini macho, kichwa, mikono na miguu hubaki nje ya aproni. Watafiti walioshirikiana na Shirika la Kimataifa la Nishati ya Atomiki walipima macho ya wahudumu wa kathlabu katika nchi mbalimbali. Katika matokeo ya Amerika ya Kusini yaliyochapishwa mwaka 2010, ukungu wa nyuma ya lenzi, aina ya mtoto wa jicho inayohusishwa na mionzi, ulionekana kwa asilimia 38 ya madaktari wa moyo na asilimia 21 ya wauguzi na wataalamu wa mitambo, ilhali kwa watu wasiofanya kazi hiyo ulikuwa asilimia 12. Kuala Lumpur mwaka huohuo ilionesha asilimia 52 kwa madaktari, 45 kwa wauguzi na 9 kwa wasiofanya kazi hiyo. Waliopimwa hawakuwa wengi, na ukungu mdogo haumzuii mtu kuona, lakini mwelekeo ulikuwa mmoja kila mahali.

Ushahidi wa namna hiyo ulibadili kanuni za dunia. Aprili 2011 Tume ya Kimataifa ya Kinga dhidi ya Mionzi ilishusha kikomo cha mionzi ya jicho kwa mfanyakazi kutoka milisiveti 150 kwa mwaka hadi 20, zikiwa wastani wa miaka mitano. Kikomo hakishushwi kiasi hicho kwa sababu ya wasiwasi mtupu. Kwa upande mwingine, haifai kutia chumvi. Mwaka 2013 daktari mmoja wa Israel na wenzake walikusanya taarifa za uvimbe wa ubongo na shingo kwa madaktari 31 wanaofanya kazi za kuongozwa na eksirei, na kati ya wale ambao upande wa uvimbe ulijulikana, asilimia 85 walikuwa nao kushoto, upande ulio karibu na mgonjwa. Ni taarifa ya kuamsha mtu usingizini, ila haithibitishi chochote peke yake, kwa kuwa ilikusanya visa vilivyosikika bila kuhesabu madaktari wote ambao hawakuugua. Anayetaka kupunguza mionzi hahitaji kisa hicho. Ngozi na jicho vinatosha, navyo havina utata.

Jinsi ya kupunguza si siri ya mtu. Mionzi hutoka pale tu pedali inapokanyagwa, kwa hiyo kuiachia wakati daktari anafikiri, anazungumza au anabadili waya ni akiba ya bure. Mtambo hutoa picha kwa mapigo, na idadi ya mapigo kwa sekunde huwekwa na mwenye kuutumia. Utafiti wa Quebec, Canada, uliochapishwa mwaka 2014 uliwagawa wagonjwa kwa bahati nasibu kati ya mapigo 15 na mapigo 7.5 kwa sekunde. Nusu hiyo ilipunguza mionzi ya daktari kwa asilimia 30 na ya mgonjwa kwa asilimia 19. Zipo picha za kuhifadhiwa, ambazo hutumia mionzi takriban mara kumi ya zile za kutazama tu. Ikiwa kutazama kunatosha, kuhifadhi ni israfu. Mwali ubanwe uangukie pale panapotazamwa, usimulike kifua kizima. Meza ipandishwe ili mgonjwa awe mbali na chanzo kilicho chini yake, na kipokea picha kishushwe kikaribie kifua. Pembe kali ya kushoto, inayouleta mrija wa eksirei upande aliosimama daktari, itumike inapohitajika tu, na katika kazi ndefu pembe ibadilishwe kidogo ili mionzi isirundikane kwenye ngozi ileile. Muuguzi asiye na kazi mezani akirudi nyuma hadi umbali uwe mara mbili, mionzi inayomfikia hushuka hadi robo.

Kama yote hayo yanajulikana na hayagharimu kitu, mbona hayafanyiki kila siku? Kwa sababu mionzi haionekani, haiumi na haina harufu, na madhara yake humfikia mtu akiwa mbali na aliyemsababishia. Daktari aliyetoboa mshipa kwa bahati mbaya hulijua kosa lake papo hapo. Aliyetumia mionzi maradufu ya mwenzake haambiwi na yeyote. Kioo cha kinga kinachoning'inia darini husukumwa kando kwa kuwa kinazuia mkono, na hakuna kengele inayolia. Kipima mionzi cha kubandika kifuani husahaulika kwenye droo, na mwisho wa mwezi kipimo kinasoma sifuri, sifuri inayomfurahisha kila mtu. Miwani ya risasi huvuliwa kwa kuwa inaelemea pua. Semina za kukumbushana zimefanyika dunia nzima, watu wakaitikia, na baada ya muda mkono ukarudi kwenye mazoea yake. Wahenga walisema mali bila daftari hupotea bila habari, na mionzi ya kathlabu ina tabia hiyohiyo: isipoandikwa hakuna anayejua imetumika vipi, na asiyejua hana cha kurekebisha.

Hospitali ya Mayo Clinic ya Marekani ilitoa mfano mzuri wa kinachotokea daftari likifunguliwa. Kuanzia 2008 hadi 2010 idara yake ya moyo iliamua kulishughulikia jambo hili kama suala la utamaduni wa kazi. Mitambo iliwekwa kuanza na mapigo machache ya picha, na aliyetaka zaidi alilazimika kuyaongeza mwenyewe kwa makusudi. Kiasi cha mionzi kilitangazwa chumbani wakati kazi ikiendelea, kikaandikwa kwenye kumbukumbu za mgonjwa, na wahudumu wakapewa mafunzo. Katika miaka hiyo mitatu, mionzi inayofika kwenye ngozi ya wagonjwa ilishuka kwa asilimia 40. Tazama mpangilio wa hatua hizo. Nyingi zinahusu namna namba inavyowekwa, inavyosemwa na inavyoandikwa. Mtu mwenye kiburi cha kazi yake, na daktari bingwa ana haki ya kuwa nacho, akioneshwa kwamba yeye hutumia mionzi mara mbili ya wenzake kwa kazi ileile, hahitaji kukemewa. Ataanza kuachia pedali mwenyewe.

Pingamizi la kwanza, na lenye uzito kuliko yote, ni kwamba mgonjwa anakufa. Mtu aliyeletwa usiku akiwa na shambulio la moyo anahitaji mshipa wake uzibuliwe sasa hivi, na kuhesabu mionzi wakati huo ni kama kumuuliza anayezama kama anajua bei ya boti. Ni kweli, na hakuna kanuni ya kinga ya mionzi inayomtaka daktari aache kazi inayookoa maisha eti namba imepanda. Miongozo ya Marekani ya mwaka 2010 inaitaja grei 5 kama kiwango cha kuanza ufuatiliaji wa mgonjwa, na haikuiita mpaka wa kusitisha tiba. Lakini pingamizi hili linasahau mambo mawili. Kwanza, wagonjwa wengi wa kathlabu hawaji na dharura. Wamepangiwa tarehe, wamefunga kula, wamekaa kwenye benchi wakisubiri zamu. Pili, hata katika dharura, kubana mwali, kushusha kipokea picha na kutumia mapigo machache hakuongezi hata dakika moja. Mionzi inayookolewa kwa njia hizo ni ile ambayo haikuwa inamsaidia mgonjwa tangu mwanzo. Na mgonjwa wa dharura aliyepokea mionzi mingi ndiye hasa anayehitaji kuambiwa: tazama mgongo wako kwa wiki kadhaa zijazo, ukiona alama rudi kwetu, usiende kwingine.

Pingamizi la pili linatoka kwa wenye mikono yao kwenye kazi. Mionzi ikipungua, picha huwa na chenga, na picha yenye chenga huweza kuuficha ufa kwenye mshipa au stenti iliyokaa vibaya. Hoja hii ni ya haki, na inajibiwa na kanuni yenyewe, ambayo humtaka daktari atumie mionzi kidogo kadiri inavyowezekana kwa kazi iliyopo. Kusukuma katheta kwenye mshipa mkubwa hakuhitaji picha safi kama ile ya kuhakikisha stenti imekaa sawa. Mtambo ukianza na kiwango cha chini, daktari huongeza pale anapohitaji kuona vizuri, kisha hurudisha. Kinachoharibu ni kuuacha mtambo kwenye kiwango cha juu kazi nzima kwa ajili ya sekunde chache zinazokihitaji. Kwa bahati nzuri, baadhi ya hatua zenye faida kubwa huboresha picha badala ya kuiharibu: mwali uliobanwa hupunguza mionzi inayotawanyika ndani ya mwili, na mionzi hiyo ndiyo inayoleta ukungu kwenye picha.

Pingamizi la tatu ni la fedha na mzigo wa kazi. Hospitali ambayo muuguzi mmoja anafanya kazi ya watatu haipendi kusikia habari ya fomu nyingine. Ila hapa namba tayari ipo. Marekani imezitaka mashine zote za aina hii zilizotengenezwa tangu Juni 2006 zioneshe kiasi cha mionzi, na viwango vya kimataifa vya watengenezaji vinadai hivyohivyo, kwa hiyo mtambo wa kisasa unaoingia Dar es Salaam, Nairobi au Kampala huja nao uwezo huo. Kunakili namba mbili, moja ya mionzi iliyofika kwenye ngozi kwa grei na nyingine inayozidisha mionzi kwa eneo lililomulikwa, ni kazi ya sekunde kumi. Wapo watakaosema dakika za eksirei zinatosha kuandikwa. Hazitoshi. Dakika kumi za mapigo machache kwa mgonjwa mwembamba na dakika kumi zenye picha nyingi za kuhifadhiwa kwa mgonjwa mnene zinaweza kuachana mara kadhaa kwa mionzi, na anayesoma dakika peke yake ataziona sawa.

Lipo pia pingamizi la nne, la kumtia mgonjwa hofu. Inasemwa kwamba mtu wa kawaida akisoma neno mionzi kwenye karatasi yake atafikiria bomu, na wengine watakataa tiba wanayoihitaji. Hofu ya namna hiyo hukua pale watu wanapohisi kuna jambo wanafichwa. Mgonjwa aliyeelezwa kwa lugha nyepesi kabla ya kazi kwamba eksirei itatumika, kwamba uwezekano wa madhara ni mdogo kuliko hatari ya mshipa uliobaki umeziba, na kwamba kiasi kitaandikwa, ana sababu ya kumwamini daktari wake zaidi. Tunawaandikia wagonjwa dawa za saratani zenye madhara makali kuliko hayo, na hakuna anayependekeza tuache kuandika kipimo chake ili wasiogope. Wapo pia wanasayansi wanaobishana kama mionzi iliyo chini ya milisiveti 100 inaongeza saratani kwa kiwango kinachoweza kupimika. Ubishi huo ni halali. Lakini mtu mwenye ugonjwa wa moyo hurudi kathlabu, mara ya pili na ya tatu, na asiye na kumbukumbu ya alichopata mara ya kwanza hawezi kujua amefika wapi katika hesabu hiyo.

Mzigo mkubwa zaidi, hata hivyo, unawaangukia watoto, na hapa Afrika Mashariki ina sababu zake yenyewe za kujali. Katika nchi tajiri, mgonjwa wa kawaida wa kathlabu ni mtu mzima mwenye mishipa iliyochoka. Kwetu kuna pia foleni ya watoto wenye matatizo ya moyo ya tangu kuzaliwa na vijana wenye valvu zilizobana kwa homa ya baridi yabisi, na miongoni mwao wasichana ambao tatizo hugundulika wakiwa wajawazito. Seli za mtoto huathirika kwa mionzi kuliko za mtu mzima, na miaka iliyo mbele yake inatosha kwa saratani kujitokeza. Mwili wake ni mdogo, hivyo mwali ulioachwa wazi humulika viungo vingi visivyohusika. Mtoto aliyezibwa tundu akiwa na miaka mitatu anaweza kuhitaji kurudi kathlabu akiwa na kumi, labda katika hospitali nyingine na mji mwingine. Kambi za matibabu, ambapo wataalamu wa ndani na wageni hutibu wagonjwa wengi kwa siku chache, huokoa maisha ya wengi wa watoto hawa, na ndipo kumbukumbu inapohitajika zaidi, kwa kuwa mgeni hupanda ndege akaondoka na mtoto akabaki na faili lake.

Nani aanze? Tanzania ina Tume ya Nguvu za Atomu, inayofanya kazi chini ya Sheria Na. 7 ya mwaka 2003, ambayo hutoa leseni kwa vituo vya mionzi, huvikagua na husoma vipima mionzi vya wafanyakazi. Kenya ina mamlaka yake ya nyuklia chini ya sheria ya mwaka 2019. Taasisi hizo hazihitaji sheria mpya ili kufanya mambo manne. Sharti la leseni ya kathlabu liwe ni kuandika kiasi cha mionzi kwenye faili na kwenye karatasi ya kuruhusiwa ya kila mgonjwa. Anayepita grei 5 aelezwe kwa maandishi nini cha kuangalia mgongoni, na apigiwe simu ndani ya mwezi. Kila mhudumu avae vipima mionzi viwili, kimoja ndani ya aproni na kingine shingoni nje yake, na sifuri ya miezi mfululizo kwa mtu anayesimama mezani kila siku ichukuliwe kuwa dalili ya kipima kilichoachwa kwenye droo. Mwisho, hospitali zipeleke takwimu zao, bila majina ya wagonjwa, ili nchi ipate viwango vyake vya rejea kwa watu wazima na kwa watoto, vinavyotokana na miili na magonjwa ya watu wake, visivyoazimwa Ulaya.

Wakuu wa hospitali wasisubiri mkaguzi. Mkutano wa mwezi wa idara ya moyo, ambao tayari hujadili vifo na matatizo yaliyojitokeza, unaweza kuongezewa ukurasa mmoja: kila daktari, idadi ya kazi alizofanya, kiwango cha kati cha mionzi kwa wagonjwa wake, na wale waliovuka kiwango cha ufuatiliaji. Asiye na maelezo ya kutosha asaidiwe, si aaibishwe, maana daktari anayeogopa aibu atatafuta njia ya kuficha namba na wote tutarudi gizani. Mgonjwa naye, au ndugu anayemuuguza, ana haki ya kuuliza kabla ya kusaini karatasi ya kuondoka: nimepata mionzi kiasi gani, na imeandikwa wapi? Hospitali itakayoulizwa swali hilo mara kumi kwa wiki itaanza kuwa na jibu lake, na hospitali yenye jibu itaona wazi ni daktari yupi na ni kazi ipi inayotumia mionzi kupita inavyohitajika.